Mama Solange Vahwere na Bornes za Analyse II

Tarehe makumi tatu na moja ya mwezi huu wa saba, Mama Solange Vahwere anatimiza miaka makumi tatu na mbili ya kazi kwa institut yetu, na siku ile ile anaingia retraite, anapumzika kazi. Ukiondoa wakati wa uzazi, na ile miezi ambamo vita ilifunga mulango wa kila mutu hapa Bunia, miaka yote alifundisha kozi moja yenye wanafunzi wanaogopa kuliko zote: Analyse II, ile ya semestre ya pili. Kila mutu wa Math-Physique mwenye kusoma hapa mutaa wa Shari alipita mukononi mwake. Wengine walipita mara moja. Wengine mara mbili. Na wengine, tuseme kweli, hawakupita.

Comité ya sherehe iliniomba mimi Lydie wa apparitorat niandike maneno haya, na kwanza nilicheka. Siye wa apparitorat tunashika majina ya wanafunzi na points zao, hatushiki craie, ile chaki ya walimu. Masomo yangu yalisimama quatrième, mwaka wa ine wa secondaire. Lakini ofisi yangu na auditoire ya première, chumba cha masomo cha mwaka wa kwanza, zinatengwa na ukuta wa mbao tu, na mbao zile zilikauka zamani zikaachana. Kila semestre ya pili masikio yangu yanasoma Analyse II bila kuandikishwa. Halafu Mama Solange ni rafiki yangu. Tunaimba pamoja kwa chorale, yeye alto, na mimi alto mwenye kumufuata nyuma nisipotee. Basi nikakubali, nikaomba Mungu anisaidie niseme kweli bila kumuaibisha mutu.

Mama Solange alizaliwa Butembo. Alisomea mathématiques Kisangani wakati wanawake katika auditoire yao walikuwa wawili, na yule mwengine aliacha. Alifika Bunia na bwana yake, infirmier wa hospitali, mutoto mugongoni, akaanza kama assistant, akapanda polepole mpaka Chef de Travaux. Wakati wa vita, institut ilipofungwa na benchi zetu zikachomwa kuni, yeye alikusanya wanafunzi wachache nyuma ya kanisa. Tableau yao ilikuwa mulango wa zamani wenye walipaka rangi nyeusi. Mulango ule uko mpaka leo kwa dépôt yetu, na kitasa chake. Wanafunzi wa wakati ule, sasa ni wababa na wamama wenye kazi zao, wanasema walijua intégrale karibu na tundu ya ufunguo.

Alikuwa mukali, lakini ukali wake ulikuwa na kicheko ndani. Mwenye kuchelewa alikuta barrière. Hapa Ituri hakuna mutu mwenye kuuliza barrière ni nini: kamba kwa njia, na mutu mwenye kukuuliza umebeba nini. Barrière ya Mama Solange ilikuwa mukono wake wenye craie, na hakuomba kitu ila dérivée moja. Ukijibu unaingia. Ukikosa unabaki pale kwa mulango, umesimama na sac yako, mpaka upate. Siku moja chef de section mwenyewe alipita kuleta habari ya mukutano, na mukono ukashuka mbele yake. Alijibu. Auditoire ikamupigia makofi kama mutu mwenye kufunga goli.

Na ile constante, ile herufi C yenye kuandikwa mwisho wa primitive! Nyuma ya ukuta nilisikia kila mwaka: "C iko kama mukwe wako. Ukimusahau siku ya karamu, utasikia habari yake mpaka mwaka ingine."

Lakini jina lenye lilimushika ni Mama Bornes. Niwaeleze vile nilielewa mimi, na wenye kujua zaidi wanisamehe. Intégrale iko na bornes mbili, moja chini, moja juu: unaanza hapa, unaishia pale. Hesabu ikiwa nguvu sana, unaacha x, unafunga kitu kizima pamoja na kukiita jina ingine, u. Hiyo ndiyo kubadilisha variable. Sasa, bornes zilikuwa za x. Ukienda kwa u, nazo lazima uzigeuze, ukizisahau hesabu yote inaharibika. Wanafunzi wanasahau. Kila mwaka wanasahau. Na hapa kwetu, borne ni kitu chenye hata mutoto mudogo anajua: ile nguzo ya simenti kwa kona ya parcelle, kiwanja cha mutu, yenye baba anaenda kuangalia asubuhi kabla ya kunawa uso. Basi mwanafunzi akikosea, Mama Solange alishika kiuno: "Ee! Weye umehama, lakini bornes umeacha kwa parcelle ya zamani!" Auditoire ilicheka, mwenye kukosea alicheka naye, na hakusahau tena. Mimi pia, na cachet yangu, muhuri wa ofisi, mukononi, nilikuwa nikicheka peke yangu kama mujinga.

Mwaka uliopita ile maneno iliacha kuchekesha.

Kulikuwa binti moja, jina lake Bénédicte, kutoka upande wa Djugu, kule vita haijaisha. Yeye mwenyewe alinipa ruhusa ya kuandika haya. Alisema nisipunguze, nisiongeze. Alikuwa anarudilia première. Mwaka wake wa kwanza, semestre ya pili ilimukuta njiani pamoja na mama yake mudogo na watoto, godoro kichwani, na examen zikapita bila yeye. Sheria yetu tunaijua wote: ukikosa Analyse II mara ya pili, délibération, mukutano wa walimu wa kukata points, inaandika NAF kando ya jina lako. Maana yake unatoka kwa filière, ile njia yako ya masomo, na haurudi. Hakuna kulia kwa apparitorat, siye tunaandika tu. Kwa hiyo ile semestre kila mutu alijua kama Bénédicte amebakia na nafasi moja.

Alikuwa mutu wa kimya. Alikaa mbele, karibu na dirisha, na alikuwa akiandika kwa nguvu mpaka bic inatoboa karatasi. Semestre yenyewe ilikuwa mubaya. Leo tunaingia, kesho tunasikia njia imefungwa, wazazi wanapiga simu, auditoire inabaki nusu. Mama Solange alikuwa anaharakisha kozi, na akiharakisha haoni watu, anaona tableau tu. Asubuhi moja ya mwezi wa sita akamwita Bénédicte mbele.

Mimi nilisikia craie yake. Ilikuwa na mulio wa haraka, ta-ta-ta, kama mutu anakata mboga. Aliipa x carré plus un jina la u, akabadilisha yote vizuri, lakini bornes za x, zéro na un, sifuri na moja, akaziacha palepale zilikuwa. Auditoire ikangojea kwa furaha, juu walijua kitu gani kinakuja. Na kikakuja.

"Bénédicte, mutoto wangu! Umehama, lakini bornes umeacha kwa parcelle ya zamani!"

Wakacheka. Baudouin, chef de promotion, kiongozi wa wanafunzi, mwenye mudomo wake haupumziki hata kwa misa, akaongeza toka nyuma: "Watu wa cadastre, wa kupima parcelle, wako njiani, dada, funga mizigo!" Wakacheka zaidi.

Nilisikia craie ikiwekwa chini. Haikutupwa, iliwekwa. Kiisha sauti ya Bénédicte, wala haikupanda: "Madame, siye hatukuhama. Tulikimbia. Na bornes zetu ziko kule kule, kama hawajazing'oa."

Miguu yake ikapita mbele ya dirisha yangu. Alitembea polepole, kama mutu anatoka kuzika.

   Mulango wangu ukafunguka na Mama Solange akaingia, vumbi ya craie kwa pagne yake ya kitenge yote, akakaa juu ya carton ya karatasi. Tangu nimujue, hakuwahi kuacha saa ya kozi katikati.

"Lydie, nipe maji."

Akakunywa. "Ile neno, nilianza kuisema mwaka gani?"

Akarudisha kikombe.

"Na watoto wenye walikimbia, wangapi wamesimama pale mbele yangu wakicheka, juu wanaogopa points?"

 Nilimushika mukono tu, na craie yake ikanichafua.

Siku zilizofuata, fasi ya karibu na dirisha ilibaki tupu. Wiki ikapita, na ingine. Horaire ya examen ikabandikwa kwa mulango wangu, wanafunzi wakaja kuisoma wakisukumana, na kati yao sikuona uso wenye nilikuwa natafuta. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: ile wiki niliposali rozari, niliisali yote kwa jina moja.

Mwalimu mumoja, mutu mwema, alimushauri Mama Solange mbele yangu: "Maman, umuandikie dix sur vingt, points za kupita, kesi iishe. Nani atauliza?"

Akajibu bila hasira: "Nikimupa points za huruma, nitamufukuza mara ya pili. Kwanza walimufukuza na bunduki. Sasa miye nimufukuze na bic nyekundu?"

Kiisha, tulipobaki wawili, aliniambia kitu chenye sikuambia mutu mpaka leo. Kama mutoto yule harudi, yeye pia haingii tena kwa auditoire ile. Mwaka moja tu ulibaki mbele ya retraite, lakini ataandika barua na kwenda nyumbani. Ninamujua. Hakuwa anatafuta kubembelezwa.

Jumamosi tukapanda moto mbili, zile pikipiki za kukodi. Mupate kuelewa: Mama Solange anaogopa moto kuliko kitu chochote. Anafunga macho, anashika koti ya motard, mwenye kuendesha, na anasali kwa Kinande, luga ya kwao Butembo, kutoka Shari mpaka anashuka. Motard wote wa carrefour, pale njia panda, wanamujua, wanamuita Maman Amina. Siku ile nilisikia kwa masikio yangu anamwambia kijana: "Ongeza mwendo." Yule kijana alidhani amesikia vibaya, akageuka kunitazama.

Bénédicte tulimukuta kwa kambi ya wakimbizi, mbele ya nyumba yao ya bâche, ile turubai ya wakimbizi, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alituona. Hakuacha kutwanga. Mama yake mudogo ndiye alitupokea, akampa Mama Solange bidon, dumu ya maji, akalie, na mimi kibao.

Kwetu mutu mukubwa haombi musamaha kwa mutoto hivi hivi. Anazunguka. Anatuma mutu, analeta kuku, anauliza habari ya masomo kama vile hakuna kitu, na mutoto mwenye akili anaelewa. Nilikuwa nangojea azunguke. Hakuzunguka.

"Bénédicte, neno langu lilikuwa mubaya. Si ile siku tu. Lilikuwa mubaya tangu zamani, na hakuna mwenye aliniambia. Weye njo umeniambia. Unisamehe."

Mukono wa Bénédicte ukasimama juu na mti wa kutwangia.

"Aa! Mwalimu wa chuo anaomba musamaha!" mama mudogo akapiga makofi. "Bénédicte, ita majirani waje waone kabla mvula inyeshe!"

Tukacheka wote. Bénédicte pia alicheka kidogo, na machozi yakamukuta ndani ya kile kicheko. Alijipanguza na mukono wenye sombe, uso ukabaki na kijani. Hakuna mwenye alimwambia.

"Madame," akasema, "nilijua kama bornes zinageuka. Nilijua kabisa. Mukono njo ulikataa kufuta zile zéro na un." Akatwanga kidogo. "Iko lazima kuzifuta?"

 Mama Solange akaangalia chini, kati ya miguu yake.

"Ukitaka kumalizia kwa u, iko lazima. Lakini iko njia ingine. Miye siifundishaka, juu ni ndefu na watoto wanapotea ndani yake. Bornes za zamani haufute. Unaziweka kando tu. Unafanya kazi yote kwa u, mpaka unapata primitive. Kiisha unarudi kwa x. Na ukiisha kurudi, bornes zako unazikuta vile zilikuwa. Ni za kweli."

"Na wenye kupotea, wanapotelea wapi?"

"Mwisho kabisa. Wanazoea u. Wanasahau kurudi."

"Miye siwezi sahau," Bénédicte akasema, na sauti yake ilikuwa ya mutu anakasirika.

Mama Solange akaokota kipande cha makaa, akaondoka juu ya bidon, akainama, akaanza kuandika kwa ubavu wake. Bénédicte akaacha sombe. Sasa ni mama mudogo alianza kutwanga, kwa nguvu, ili wasikie: "Endeleeni tu! Jioni watoto watakula bornes na chumvi!"

Tulipoaga, Mama Solange aliuliza kama atakuja kwa examen. Bénédicte akasema, "Nitaona." Hakuna kingine. Njiani kurudi Mama Solange hakusali kwa Kinande. Alikuwa na macho wazi, na hiyo ilinitisha kuliko yote.

Examen ya Analyse II iko orale. Mwanafunzi anavuta karatasi kwa kikapo, anasoma swali lake kwa sauti, anaenda kwa tableau. Wenye kuhukumu ni wawili: Mama Solange, na ile siku assistant moja kijana wa section ingine, mwenye haraka. Mimi nakaa kwa mulango, naita majina. Sheria inasema naita mara tatu. Mwenye hajatokea mara ya tatu, namuandika absent, na kwa mutu wa kurudilia absent ni NAF.

Mvula ilikuwa imenyesha toka alfajiri. Nikamwita Bénédicte. Hakuna. Wanafunzi wakaangaliana. Nikamwita tena, na safari hii nilivuta jina lake kama Kyrie ya siku kubwa, wenye hawajui kuimba wangedhani naumwa. Hakuna. Assistant akaangalia saa. Mama Solange hakuniangalia. Alikuwa anapanga vipande vya craie mbele yake, mukubwa, mudogo, mukubwa, mudogo.

Nilifungua mudomo kwa mara ya tatu, na Baudouin, mwenye alikuwa amepanda juu ya ukuta wa barabara kuangalia njia, akapiga kelele: "Anakuja! Mama Lydie, vuta pumzi kwanza! Anakuja!"

Akaingia na viatu mukononi, matope mpaka kwa magoti. Moto ilikuwa imelala katika matope, akatembea kipande chote chenye kilibaki. Nikasema jina lake mara ya tatu, polepole, akiwa amesimama mbele yangu. Akajibu: "Présente."

Alipotia mukono kwa kikapo, Mungu anisamehe, niliomba apate séries. Séries sizielewi, lakini hazina bornes za kuhamisha. Akafungua karatasi, akasoma: intégrale kutoka zéro mpaka un, ya deux x mara mabano ya x carré plus un, puissance trois. Hata mimi niliijua. Ilikuwa ndugu ya ile ya mwezi wa sita, tumbo moja.

Bénédicte akachukua craie. Kitu cha kwanza alichofanya, alienda kwa kona ya juu ya tableau, akaandika zéro na un, akazizungushia muviringo. Akarudi katikati, akaipa x carré plus un jina la u, akaanza kazi bila borne hata moja.

"Mademoiselle," assistant akasema, "na bornes?"

 Craie ilikuwa inaenda, ta-ta-ta. Assistant akainama kwa Mama Solange: "Maman, si ni lile kosa lenye unasema kila siku?" Mama Solange akanyanyua kidole kimoja, akakishusha. Ni hayo tu aliweza kufanya. Ninyi wenye kumujua, wazeni: mutu mwenye maisha yote, akiona kosa linakaribia, anaruka kama mama mwenye kuona mutoto karibu na moto. Sasa hawezi kusema neno. Akisema, hata "angalia" tu, points si za Bénédicte tena.

Kwa dirisha vichwa vilijaa. Baudouin, masikini, alitaka kusaidia, akanong'ona kwa nguvu yote: "Bornes, dada! Geuza bornes!"

Bénédicte akafika u puissance quatre, sur quatre. Hapo akasimama.

Ni pale pale. Mwisho kabisa, pale wanapotelea. Aliangalia dirisha. Aliangalia ile u yake. Mvula ikaongeza juu ya mabati, na ndani ya ile kelele nikasikia kitu kidogo kinakatika: craie, mukononi mwa Mama Solange. Mimi nilikuwa nimefika Salamu Maria gani sijui, nilikuwa narudilia mwanzo wake tu.

Halafu Bénédicte akafuta u. Hakutafuta chiffon, aliifuta na kidole chake. Pale ilikuwa, akaandika x carré plus un. Akaenda kwa kona, akasimama chini ya ule muviringo, akasoma kwa sauti. Kwa un: deux puissance quatre, seize. Kwa zéro: un. Seize toa un, quinze: kumi na sita toa moja, kumi na tano. Akaandika quinze sur quatre, akachora mustari chini.

Assistant alikuwa amefanya hesabu yake kwa karatasi, kwa njia ya kawaida, bornes zimegeuzwa. Aliiangalia, akaangalia tableau, kiisha akaisukuma taratibu mbele ya Mama Solange. Quinze sur quatre.

"Umerudi," Mama Solange akasema. Sauti yake haikuwa ya examen.

"Kwa x tu, Madame," Bénédicte akajibu. "Kule kwingine bado."

Alipata quatorze sur vingt, kumi na ine juu ya makumi mbili. Ingekuwa seize, lakini katikati ya ile kazi yote alisahau kuandika dx, na Mama Solange alimukata points mbili. Alinifafanulia yeye mwenyewe, akipangusa macho na kona ya pagne: "Kulia ni kulia, Lydie. Dx ni dx." Baudouin alienda kumuomba Bénédicte musamaha na sachet ya beignets, mandazi za moto. Nusu alizikula njiani, na Bénédicte alimwambia kama ile ndiyo musamaha yenye inafanana naye.

Mama Solange hakuandika barua. Mwaka huu amefundisha semestre yake ya mwisho, na mimi nyuma ya mbao nimesikia kozi mupya. Mwanafunzi akiacha bornes, hakuna tena habari ya kuhama. Anauliza: "Unabaki kwa u, ao utarudi kwa x? Chagua kwanza. Kiisha shika bornes za fasi yenye umechagua." Wanacheka kidogo kuliko zamani. Wanakosea kidogo pia. Mara moja kwa wiki Bénédicte anakuja kusaidia wa première kwa mazoezi, na barrière yake kwa mulango, nawaambia, haina huruma kabisa.

Watu wanamuuliza Mama Solange kama sasa anarudi Butembo. Anajibu kama bornes zake yeye alizigeuza zamani: nyumba yake iko Shari, kaburi ya bwana yake iko hapa, alto yake iko hapa. Yeye anamalizia kwa u. Bénédicte anangojea x. Hesabu ni ya kweli kwa njia zote mbili, na hiyo hata mutu wa quatrième anaelewa.

Mama Solange, asante kwa mulango mweusi wa nyuma ya kanisa. Asante kwa kila dérivée yenye ulidai kwa barrière, na kwa dix sur vingt yenye ulikataa kuandika. Asante zaidi kwa ile bidon yenye ulikalia. Kwa jina la walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote, Mungu akupe afya, asubuhi zisizo na horaire, na chai yenye haipoi juu ya copies za watu za kusahihisha. Uishi vema, Mama yetu, na usikae mbali na siye.

Na siku njia ya kule itafunguka, umealikwa. Mama mudogo ameahidi sombe, na safari hii amesema ataipika kweli. Utaenda na moto, hakuna namna ingine. Ufungue macho, juu Bénédicte anataka akuonyeshe bornes zao, moja moja, kwa mukono wake.

Lydie, apparitorat